Ufuo wa Mbwa Uanzie kwenye Sindano: Barua ya Wazi kwa Bunge la Kaunti ya Kilifi

Kwa Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,
Bunge la Kaunti ya Kilifi,
Malindi.

MINT: MBWA UFUONI NA KWENYE NJIA ZA MASHAMBANI

Waheshimiwa,

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliwakabidhi mambo mawili ambayo, kwa anayetembea ufuoni, hayana dalili ya kuwahi kukalishwa meza moja. La kwanza ni fuo zenyewe: kaunti ndiyo yenye kusimamia bustani, fuo na mahali pa burudani. La pili liko vipengele viwili chini yake, udhibiti na ustawi wa wanyama, na hapo Katiba imetaja waziwazi utoaji wa leseni za mbwa. Waliopitisha Katiba hiyo walimkumbuka mbwa, wakamweka mikononi mwenu.

Naomba mambo hayo yakutane katika mswada mmoja. Utenge vipande vya ufuo na njia za mashambani ambako mtu anaruhusiwa kutembea na mbwa wake bila kuulizwa. Utaje mahali ambapo mbwa hakanyagi kabisa. Kwa sehemu zinazobaki, uweke saa. Na kabla ya yote hayo, uhakikishe kwamba mbwa anayeshuka mchangani amechanjwa dhidi ya kichaa.

Sasa hivi kila mlinzi wa geti ni bunge. Mmoja anasema mbwa marufuku, wa pili anasema mpite, wa tatu anataka chai. Mbwa wangu ni wa kienyeji, rangi yake ni ya mchanga wenyewe na masikio yamesimama. Ana cheti cha chanjo, ana mkanda shingoni, na kamba iko mkononi mwangu. Hata hivyo kuna nyumba moja ya wageni ambayo mlinzi wake hunisimamisha kila nikipita mbele yake na kuniuliza huyu koko ni wa nani. Wakati huohuo jibwa la mgeni, refu kama ndama, linapita bila kamba likielekea majini na mlinzi analipigia saluti. Simlaumu sana mlinzi. Hakuna karatasi yoyote aliyopewa ya kumwambia afanye nini, kwa hiyo anapima mbwa kwa bei yake.

Hilo ndilo ninalolihofia zaidi katika sheria yoyote itakayotungwa kwa haraka. Ufuoni kwetu hakuna mbwa wa aina moja. Yuko wa majumba ya ufuoni, ambaye daktari wa mifugo huitwa nyumbani kwa simu. Yuko wa shamba la mahindi, anayekesha akifukuza nyani na tumbili, na siku nyingi humfuata mtoto anapotumwa kununua samaki. Yuko koko asiye na mwenyewe, anayeishi kwa matumbo ya samaki na makombo ya vibanda. Na yuko mbwa wa ulinzi, asiyeonekana mchana lakini usiku geti likifunguliwa ufuo wote ni wake. Sheria ikisema tu "mbwa", itamkamata yule wa pili, itamkosa wa nne, na wa kwanza atapata barua ya ruhusa kutoka ofisi fulani.

Nianze na kichaa cha mbwa, kwa sababu bila kukimaliza haya mengine ni mapambo. Dalili zikishamtokea mtu aliyeumwa, hakuna dawa inayomrudisha. Duniani ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huupata kwa mbwa. Wanne kati ya kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Serikali ya Kenya, katika mpango wake wa 2014 wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030, ilikadiria kwamba unaweza kuua hadi watu 2,000 nchini kwa mwaka. Mwaka 2030 si mbali tena, na mkakati wenyewe unajulikana: chanja mbwa 7 kati ya kila 10, rudia kila mwaka, na virusi hukosa wa kumrukia. Kurudia ni lazima kwa kuwa mbwa wetu hawaishi sana na vitoto huzaliwa kila msimu. Mwaka mmoja ukirukwa, hesabu inarudi nyuma.

Kuna watakaowaambia njia fupi ni sumu au bunduki. Imejaribiwa katika miji mingi ya nchi hii na ya jirani. Mbwa wakiuawa mtaani, wengine huhamia penye chakula kilichoachwa wazi, na wanaokuja hakuna anayejua walikotoka. Tena nyama ya sumu haisomi cheti: humuua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na hapo mnakuwa mmeiharibu kinga mliyoinunua kwa fedha za umma. Shirika la Afya Duniani limelisema hili kwa muda mrefu, kwamba kuua mbwa kwa wingi hakuondoi kichaa.

Mfano tunao karibu, ng'ambo ya mpaka, kisiwani Pemba. Wengi wa Wapemba ni Waislamu, na wafugaji wa mbwa huko si wengi. Katika miaka ya 2010 kampeni za kuchanja mbwa zilikimaliza kichaa kisiwani. Kikaja kuingizwa tena kutoka nje, watu wakafa, chanjo zikarudiwa, kikamalizwa tena. Wapemba hawakuhitaji kumpenda mbwa ili wafanye hivyo. Walihitaji mtu wa kushika orodha, sindano zenye barafu, na siku iliyotangazwa mapema. Nawaomba muwaulize waliofanya kazi ile, maana bahari ni moja na mashua zinakwenda.

Hapa ndipo ufuo unapoweza kuifanyia kazi afya ya umma. Katika kampeni nyingi za chanjo, mbwa aliyedungwa hufungwa utepe wa rangi shingoni ili asirudiwe. Ufanyeni utepe huo kuwa ndiyo leseni. Rangi ibadilike kila mwaka, sindano na utepe vitolewe bure, na mbwa mwenye utepe wa mwaka huu awe na haki ya kushuka kwenye ufuo uliotengwa, awe amezaliwa Ulaya au Matsangoni. Mwenye jumba hatakuwa na la kumzidi mwenye shamba. Na mlinzi wa geti hatahitaji kukisia: ataangalia shingo. Vituo vya kuchanja viwekwe kwenye madiko ya wavuvi na kwenye viwanja vya shule za msingi wakati wa likizo, kwa sababu aghalabu ni watoto wanaowajua mbwa wa mtaa kwa majina na ndio wanaoweza kuwaleta kwa kamba ya katani. Kituo kikiwa mjini tu, watakaokuja ni wale wenye magari.

Na kila bango la ufuoni libebe mstari mmoja kwa aliyeumwa: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Ni mstari wa bei rahisi kuliko wote mtakaowahi kuuchapisha. Lakini hautakuwa na maana ikiwa mtu atafika zahanati aambiwe chanjo ya binadamu imekwisha, arudi wiki ijayo.

Sasa nizungumzie jambo ambalo wenye mbwa hulikwepa, na wageni hawalielewi kabisa. Nusu ya majirani zangu hawataki mbwa awaguse, na si kwa woga. Waislamu wa pwani yetu kwa sehemu kubwa ni wa madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa na unyevunyevu wake ni najisi nzito, ya kuoshwa mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Anayetoka kutawadha akipita ufuoni kwenda msikitini hana nafasi ya mzaha na pua ya mbwa. Wenye mbwa wakiambiwa hivi hukimbilia kusema kwamba dini hiyohiyo inasimulia juu ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na kwamba Sura ya al-Kahf imemtaja mbwa aliyelala mlangoni mwa pango la vijana wale. Ni kweli. Lakini huruma kwa mnyama ni jambo moja na kanzu ya mtu ni jambo jingine, na aliyelowanishwa na mbwa wako ndiye atakayeamua limemkera kiasi gani.

Wanafikihi wenyewe wametoa mwanya ambao sheria yenu inaweza kuutumia. Mkavu kwa mkavu haina najisi ya kuhama: mbwa mkavu akipita kando ya nguo kavu hakuna la kuosha. Tatizo ni maji. Na mbwa wa ufuoni ni maji matupu. Hutoka baharini, hukimbilia penye watu, hujikung'uta. Kwa hiyo penye kuhitaji mkazo si ufuo mzima, ni mahali mbwa mwenye maji anapokutana na mtu asiye na pa kumkwepa: vichochoro vinavyoshuka baharini, ngazi, vibanda vya mihogo na madafu, mbele ya misikiti iliyo kando ya maji, na madiko. Hapo mbwa awe kwenye kamba fupi, awe mkavu au amelowa. Ila diko lenyewe lisiwe na mbwa wa kutembezwa kabisa. Mvuvi ametandaza nyavu na samaki wake mchangani, na mbwa kuinua mguu juu yake si jambo la kuchekewa.

Kwa Idi mbili, Pasaka, na wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya, fuo zote zifungwe kwa mbwa mchana kutwa. Siku hizo watoto wa bara na wa pwani hushuka kwa mabasi, na mchanga hautoshi hata kwa watu. Mimi mwenye mbwa naunga mkono bila kununa.

Nimesema saa, nifafanue ni saa gani, kwa sababu hapa ndipo sheria ya kuazima itakapotuangusha. Uingereza, ambako fuo za mbwa zimepangwa kwa miaka mingi, halmashauri nyingi huwafungia mbwa fuo zao kuu kuanzia Mei Mosi hadi Septemba 30, yaani msimu wao wa joto, kisha huwafungulia baridi ikirudi. Mashambani, kwenye ardhi iliyofunguliwa kwa watembeao kwa miguu chini ya sheria yao ya 2000, mbwa lazima awe kwenye kamba isiyozidi mita 2 tangu Machi 1 hadi Julai 31, kwa sababu ndege hutaga ardhini miezi hiyo. Wametumia kalenda mahali pa ukuta, na ni busara. Ila kalenda yao ni ya jua. Yetu ni ya mwezi.

Kila mtu wa pwani analijua hili kwa miguu, lakini sijaona bango lililoliandika. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, kisha huchelewa kidogo kila siku. Maana yake ni kwamba katika siku za bamvua ufuo hubanwa hadi kwenye kuta za mawe katika saa zilezile watu wanapotoka kutembea, jua likiwa limepoa. Mwanamke aliyetoka kazini, mtoto wa mpira, muuza madafu, mbwa na mwenye mbwa, wote wanagombea ukanda usiotosha mkeka. Maji hupwa vizuri katikati ya asubuhi, mchanga umeshapata moto wa kuunguza nyayo za mbwa. Siku za maji mafu mambo hugeuka: jioni bahari iko mbali, nafasi ni tele, na hakuna wa kugombana na mwenziwe.

Kwa hiyo msiandike "mbwa waruhusiwe saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni". Andikeni kwamba mbwa wafunguliwe kamba tu maji yakiwa yamepwa chini ya alama fulani, na mpige alama hiyo kwa rangi kwenye jiwe au nguzo ambayo kila mtu anaiona. Maji yakivuka alama, kamba. Hakuna haja ya saa wala simu. Mvuvi wa Takaungu ataielewa sheria hiyo kabla ya wakili wa Nairobi.

Sehemu ambazo mbwa asiende hata kwa kamba, naomba zisiwe za kujadiliwa kwa bahasha. Ziko fuo ambako kasa hupanda kutaga, za Watamu zikiwa maarufu zaidi, na tangu 1997 wako watu pale wanaokesha kulinda mayai hayo. Kasa mmoja hufukia mayai zaidi ya 100 kwa shimo, na hukaa mchangani kama miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Mbwa huyanusa chini ya mchanga na kuyafukua kwa dakika chache. Hapa nataka niwe wa haki kwa mbwa wa matembezi: huyo yuko na mtu, na mtu anaweza kumvuta. Mwenye kuogopwa ni mbwa wa ulinzi anayefunguliwa usiku, kasa akipanda au vitoto vikishuka kwenda majini, na aliyemfungulia amelala ndani. Mswada umguse huyo kwanza. Kiwanja kinachopakana na ufuo wa kasa kiwe na uzio upande wa bahari, na mwenye kiwanja awajibike mbwa wake akikutwa nje usiku. Najua baadhi ya wenye viwanja hivyo ni watu wakubwa. Ndiyo maana naandika kwenu, simwandikii mlinzi.

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimekuwepo tangu 1968, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lina kauli yake katika maeneo hayo. Kaunti isitunge sheria kana kwamba shirika hilo halipo, wala shirika lisiseme ufuo wote wa Kilifi ni wake. Mkae pamoja, mchore mstari kwenye ramani, na ramani ibandikwe kwenye ofisi ya kila chifu.

Hori ya Mida nayo iachwe. Maji yakipwa pale, tope lote hujaa ndege waliovuka mabara. Wengine wametoka Siberia. Yuko mmoja mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huzaliana kwenye michanga ya Ghuba na Bahari ya Arabu, Omani ikiwemo, kisha huja kula kwetu. Ndege hawa wana saa chache tu za kula kati ya kupwa na kujaa. Mbwa mmoja mwenye furaha anaweza kuwakurupusha wote mara kumi kwa asubuhi moja, na mafuta waliyoyakusanya kwa safari ya kurudi yakaishia kwenye kuruka bure. Mbwa hana nia mbaya. Ndege hana mafuta ya kupoteza.

Kuhusu mashambani sina maneno mengi, kwa kuwa huko desturi bado inafanya kazi. Anayepita na mbwa kwenye shamba la watu hubisha hodi, na mbwa akimkimbiza mbuzi mwenyewe hulipa bila kungoja askari. Sheria iiandike desturi hiyo tu: kamba penye mifugo, na fidia kwa atakayesababisha hasara. Njia za mashamba ya mkonge ni pana, hazina magari mengi, na zingefaa sana kwa matembezi ya asubuhi, ila zina wenyewe. Kaunti izungumze nao, wakikubali zitangazwe, wasipokubali basi. Msitu wa Arabuko-Sokoke uwe nje ya mjadala. Ndani yake anaishi sange mwenye nyuma ya rangi ya dhahabu, mnyama ambaye karibu hapatikani kwingine duniani, na mbwa wa wawindaji wameshamtesa vya kutosha. Kaya takatifu za Wamijikenda nazo, nyingi zikiwa katika kaunti hii na zikiwemo zilizoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, zina wazee wake. Waulizwe wao, na watakalosema liwe ndilo.

Wenye mbwa wa Nairobi watawaambia kwamba Karura wanatembea na mbwa wao kwenye kamba, msitu upo na amani ipo. Ni kweli, na ni ushahidi mzuri kwamba Wakenya wanaweza kufuata kanuni zikiandikwa getini. Lakini Karura ina geti. Ufuo hauna, wala haupaswi kuwa nalo.

Hilo linanileta kwenye vichochoro. Kwa miaka mingi njia za umma za kushuka baharini zimekuwa zikizibwa, ukuta baada ya ukuta, hadi mtu anatembea kitambo kirefu kando ya barabara akitafuta mwanya wa kuiona bahari aliyozaliwa nayo. Ufuo wa mbwa ukitengwa mahali ambapo njia pekee ya kuufikia ni kupitia kiwanja cha mtu, mtakuwa mmewapa wenye viwanja bustani ya mbwa kwa fedha ya kaunti. Basi iwe sharti: hakuna kipande kitakachotangazwa kuwa ufuo wa mbwa mpaka kiwe na njia ya umma iliyo wazi, yenye bango, isiyo na mlinzi. Bofa pana urefu wa kutosha kupata kipande kama hicho. Mambrui pana mchanga mpana zaidi ya mahitaji. Anzeni na sehemu mbili, msianze na kumi.

Kinyesi nakitaja bila kuficha, maana wenzangu wenye mbwa huangalia pembeni. Mchangani hakifichiki na hakiozi bila madhara. Mbwa mwenye minyoo ya safura huacha mayai, mabuu hutoka, na mtoto anayecheza peku hupata mstari mwekundu unaotambaa chini ya ngozi na kumkosesha usingizi kwa kuwasha. Madaktari wa fuo zetu wanaufahamu vizuri. Anayeshuka na mbwa ashuke na mfuko, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea tuliipiga marufuku mwaka 2017, iwe ya karatasi au kifuu, haidhuru. Asiyezoa alipe faini, na faini iwe sawa kwa mwenye jumba na kwa mwenye kibanda. Dawa ya minyoo itolewe siku ileile ya sindano. Mbwa ameshashikwa tayari, kwa nini ashikwe mara mbili?

Na kwa wavuvi wa juya nina ombi moja, si amri. Bunju wakinaswa, wasitupwe mchangani. Bunju mmoja aliyekaushwa na jua huua mbwa kabla mwenyewe hajapata wa kumpigia simu. Wafukiwe, au warudishwe majini.

Waheshimiwa, nimesikia hoja kwamba kaunti yenye uhaba wa maji na madawati haina muda wa mbwa. Ningekubaliana nayo kama mbwa wasingekuwa tayari wanatugharimu. Mtu aliyeumwa hudungwa zaidi ya mara moja, husafiri kwenda na kurudi, na hukosa kazi siku hizo. Bei ya kumchanja mbwa mmoja haikaribii hata kidogo gharama ya kumwokoa mtu mmoja. Fedha hizo mnazitumia hata sasa, ila mnazitumia mwishoni, mahali zinapokuwa ghali zaidi.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuleta ombi mbele ya bunge lenu. Naomba barua hii ipokelewe kama ombi, ipelekwe kwa kamati zinazohusika na mifugo, afya na utalii zikiwa zimekaa pamoja, na maoni ya umma yakusanywe kwenye madiko na misikitini na makanisani, yasikusanywe kwenye ukumbi wa hoteli. Mkiwaita wenye mbwa peke yetu tutawadanganya. Muwaite na wanaotuchukia.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Katika bajeti itakayofuata naomba fungu la chanjo ya mbwa, tepe na dawa ya minyoo litangulie, na fungu la mabango ya ufuo wa mbwa lije baada ya kampeni ya kwanza kukamilika. Fedha zikitosha jambo moja tu, nunueni sindano. Sisi na mbwa wetu tutasubiri juu ya ukuta hadi hapo.

Wasalaam,

Mwenye mbwa, mkazi wa Kilifi